Habari za Kisu na Desturi ya Kutembea Nacho



Hakuna chombo cha nyumbani kijulikanacho na watu wote kama kisu. Mama hukatia mboga, baba hukatia kamba, mtoto humenyea embe. Na mkunga, siku ile tulipozaliwa, alitukata kitovu kwa wembe au kwa mkasi, navyo ni ndugu zake kisu. Hata hivyo kisu hicho hicho kikionekana mfukoni mwa kijana njiani, watu hushtuka, na askari humsimamisha akamwuliza maswali. Nimeona vyema katika gazeti letu la muhula huu nieleze habari za kisu tangu hapo kale, kisha nieleze kwa nini watu wa siku hizi hawapendi kuona mtu akitembea nacho. Nina sababu ya kuandika sasa: likizo inakaribia, na wako wenzetu wasemao kwamba safari hii hawatapanda basi bila kisu kiunoni. Nataka tuwaze pamoja kabla ya safari.

KISU CHA JIWE

Kisu cha kwanza hakikuwa na mpini, wala hakikuwa cha chuma. Kilikuwa kipande cha jiwe. Mtu wa kale alichukua jiwe moja akaligonga kwa jiwe jingine, likabanduka bamba jembamba lenye makali. Kwa makali hayo akakata ngozi na nyama ya mnyama. Sisi watu wa Afrika Mashariki twaweza kujivunia kwamba zana za namna hiyo zilizo za kale sana zimepatikana kwetu. Katika Bonde la Oldupai, Louis Leakey na mkewe Mary walichimba kwa miaka mingi, na humo zimepatikana zana za mawe zenye umri wa miaka yapata milioni 2. Mwaka 2015 wataalamu walitangaza habari za zana za kale zaidi, zilizofukuliwa mahali paitwapo Lomekwi, magharibi ya Ziwa Turkana nchini Kenya. Umri wake ni miaka milioni 3.3. Hizo si visu kamili, maana nyingi ni mawe makubwa na mazito, lakini kazi ya kupasua jiwe ili kupata makali ilikwisha kuanza.

Baadaye watu walijifunza kuchagua. Si kila jiwe hutoa makali mazuri. Liko jiwe jeusi la volkano ling'aalo kama chupa, na bamba lake hukata kama wembe. Mwaka 2018 wataalamu waliochimba Olorgesailie, kusini ya Nairobi, walieleza kwamba watu walioishi hapo miaka yapata 300,000 iliyopita walikuwa wakipata jiwe hilo kutoka mwendo wa kilomita 25 hadi 90. Fikiri, msomaji: mtu atembee siku kadhaa, au abadilishane vitu na watu wa mbali, kwa ajili ya makali tu! Nasi tunaokaa Tanzania tukifika Isimila, karibu na Iringa, twaweza kuona kwa macho yetu mawe yaliyochongwa na watu wa kale yangali yamelala bondeni.

KISU CHA CHUMA

Chuma kilipojulikana mara ya kwanza kilikuwa adimu sana. Firauni Tutankhamun wa Misri, aliyekufa yapata mwaka 1323 kabla ya kuzaliwa Kristo, alizikwa na jambia la chuma, nalo lilikutwa ndani ya sanda zake mwaka 1925. Mwaka 2016 wataalamu walilipima wakaeleza kwamba chuma chake kilitoka katika kimondo, yaani jiwe lililoanguka kutoka angani. Hata mfalme alingoja chuma kianguke!

Katika sehemu zetu za Afrika watu wengi walitoka katika zana za mawe wakaingia moja kwa moja katika chuma, wala hawakupitia kwanza shaba iliyochanganywa na bati kama watu wa Misri na Ulaya. Mwaka 1978 Peter Schmidt, mchimbaji wa mambo ya kale, na Donald Avery, mtaalamu wa madini, walitangaza waliyoyaona Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria. Wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi ya zamani waliwajengea tanuri wakayeyusha chuma mbele ya macho yao. Mirija ya udongo iliingizwa ndani kabisa ya tanuri, hata hewa ya mivukuto ikapata moto kabla ya kuyafikia makaa, na kwa hiyo joto likazidi. Mabaki ya matanuri ya kale yaliyochimbwa huko yana umri wa miaka 1,500 na zaidi. Ufipa nako walijenga matanuri marefu kupita kimo cha mtu, nayo hewa iliingia yenyewe kwa chini bila mivukuto.

Kwetu Upare, mchanga mweusi wenye chuma uliokotwa katika vijito, ukaoshwa, ukachomwa pamoja na makaa. Ukoo wa Washana ulijulikana kwa kazi ya uhunzi, na katika Ugweno ya kale ulikuwa na utawala pia. Chuma cha Upare kiliuzwa Uchagga, kikafuliwa huko majembe, mikuki na visu. Lakini kwa Wamaasai mambo yalikuwa kinyume. Wahunzi wao, waitwao Ilkunono, walitengwa, na watu wengine hawakupenda kuoana nao, ingawa kila shujaa alitegemea sime na mkuki uliotoka mikononi mwao. Basi twaona kwamba tangu zamani watu walimtazama mwenye kutengeneza makali kwa macho mawili, heshima na hofu. Leo macho hayo mawili twamtazamia mwenye kuyachukua.

Labda msomaji atauliza, kwa nini kisu hukaa na makali na msumari haukai? Hapa somo la Kemia latusaidia. Chuma kitupu ni laini. Kikitiwa kaboni kidogo, isiyofika sehemu 2 katika 100, huwa pua, nayo ni ngumu. Mhunzi hukipasha pua moto hata kiwe chekundu, kisha hukitosa katika maji, kikawa kigumu sana. Lakini ugumu ukizidi kisu huvunjika kama kigae. Kwa hiyo hukirudisha motoni taratibu, kisha akakiacha kipoe, ili ugumu upungue kidogo na kisu kipate kuvumilia. Kazi hiyo yote wazee wetu waliifanya bila kipimo cha joto; walitazama rangi ya chuma tu.

VISU VYA BAHARINI

Watu wa pwani walinunua visu tangu kale. Kiko kitabu cha safari za bahari kilichoandikwa kwa Kiyunani yapata miaka 2,000 iliyopita, kiitwacho Periplus. Chataja pwani yetu na mji wa biashara ulioitwa Rhapta, na katika bidhaa zilizoletwa huku kutoka Arabuni chahesabu mikuki, mashoka, visu na vioo. Watu wa pwani walitoa pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Baadaye mambo yaligeuka: mwaka 1154 al-Idrisi, mwandishi wa jiografia, aliandika kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma nao wakapata faida kubwa kwa kukiuza. Kwa hiyo makali yalisafiri pande zote mbili za Bahari ya Hindi.

VISU VYA HESHIMA NA VISU VYA KAZI

Sasa natuangalie watu watembeao na kisu bila kulaumiwa.

Wa kwanza ni bwana harusi wa Unguja, Mombasa au Lamu. Katika mavazi yake ya joho na kilemba huonekana jambia kiunoni. Desturi hiyo inafanana na ile ya Oman, nchi iliyotawala Unguja zamani. Huko jambia ni alama ya taifa. Limo katika bendera yao tangu mwaka 1970, na mwaka 2022 UNESCO iliuandika ufundi wake pamoja na desturi zake katika orodha ya urithi wa watu wote.

Wa pili ni Mmaasai mwenye sime yake katika ala nyekundu ya ngozi. Sime ni ya kukatia mti, kuchinjia, kuchunia ngozi na kulinda ng'ombe.

Wa tatu ni Singasinga. Ndugu hao wamo Kenya, Uganda na Tanzania tangu siku za kujengwa reli. Tangu mwaka 1699, siku za mwalimu wao Guru Gobind Singh, kisu kiitwacho kirpan ni mojawapo ya vitu vitano ambavyo Singasinga aliyekwisha kuingizwa rasmi hupaswa kuwa navyo mwilini. Kwao kisu hicho ni ukumbusho wa kumtetea mnyonge.

Kisha wako watu wa kazi: mgema na kotama yake juu ya mnazi, mvuvi na kisu chake cha kupasulia samaki, mchinjaji na mkulima. Katika dini ya Kiislamu mchinjaji hufundishwa anoe kisu chake barabara, tena asikinoe mbele ya mnyama, ili mnyama asiteseke wala asitishike. Maana yake, hata mbele ya mbuzi kisu kina adabu zake.

Nimewatazama wote hao nikaona jambo moja. Kila mmoja wao akiulizwa, 'Kisu hiki ni cha nini?' anaweza kujibu mara moja, na jibu lake hujulikana na jirani zake wote hata kabla hajaulizwa. Tena kina mahali pake. Mgema akiisha kushuka mnazini haendi na kotama msikitini; bwana harusi akiisha kuoa hulivua jambia. Kisu chao kina kazi, kina mahali, na kina mashahidi.

KISU MEZANI KWA WATU WA ULAYA

Wengine hudhani kwamba hofu ya visu ni mambo ya siku hizi tu. Sivyo. Katika Ulaya ya zamani mgeni alikwenda karamuni na kisu chake mwenyewe, chenye ncha kali, akakitumia kukata nyama na kuichoma ili aipeleke kinywani. Lakini watu wakilewa na kugombana, kisu kilikuwa karibu mno. Mwaka 1669 Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alipiga marufuku visu vyenye ncha, mezani na njiani. Ndiyo maana kisu cha mezani tukitumiacho leo kina ncha ya mviringo.

Jambo jingine la kustaajabisha lilitokea Sheffield, mji wa Uingereza uliokuwa na sifa ya visu kwa mamia ya miaka. Mwaka 1913 Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma kitakachofaa kwa mitutu ya bunduki. Alichanganya chuma na kromiamu, sehemu 12 hivi katika 100, akaona hakishiki kutu. Chuma hicho kilifaa zaidi kwa visu vya mezani, na leo kimo katika jikoni za dunia nzima. Alitafuta kitu cha vita akapata kitu cha chakula.

PANGA

Lakini pia iko njia ya kinyume, yaani chombo cha chakula kikawa cha vita. Nasi wa nchi hizi hatuwezi kuandika habari za makali tukaacha kutaja Rwanda. Mwaka 1994, kuanzia Aprili hadi Julai, katika muda wa siku 100 hivi, waliuawa watu wapatao 800,000 na zaidi, na wengi wao waliuawa kwa mapanga, yale yale ya kufyekea migomba. Dar es Salaam nako, mwaka 2014 na 2015, kisha tena mwaka 2022, watu waliingiwa na hofu kwa ajili ya makundi ya vijana wenye mapanga yaliyoitwa Panya Road.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba haitoshi kusema kisu kilicho wazi ni chema na kilichofichwa ni kibaya. Wale walioua Rwanda hawakuficha mapanga yao. Walikuwa nayo mchana, njiani, mbele za watu. Lakini njiani hapana migomba ya kufyeka. Panga likiondoka shambani likaenda kusimama njia panda, limekwisha kuacha kazi yake, na mtu mwenye akili hutambua kwamba limepewa kazi nyingine.

SHERIA YASEMAJE

Sheria za nchi nyingi hazikatazi kisu chenyewe. Hazingeweza, maana tungekula nini? Kanuni ya Adhabu ya Tanzania yasema kwamba ni kosa mtu kwenda hadharani na silaha pasipo sababu halali, kwa namna ya kumtia mtu hofu. Na silaha hiyo yaweza kutwaliwa. Sheria ya Kenya yafanana na hiyo. Tazameni maneno hayo: 'sababu halali' na 'hofu'. Hakimu hapimi urefu wa kisu tu, huuliza sababu.

Uingereza iko sheria ya mwaka 1988 ikatazayo mtu kuwa na kisu mahali pa watu wote bila sababu njema, isipokuwa kisu kidogo cha kukunja kisichozidi inchi 3. Miongoni mwa sababu zinazotajwa humo ni kazi, dini na vazi la taifa. Nilipoisoma habari hiyo nilistaajabu, kwa maana ndizo sababu za mgema, za Singasinga na za bwana harusi. Woga wa wezi haukutajwa.

Katika ndege vilevile. Zamani huko Marekani abiria aliruhusiwa kuingia na kisu chenye makali yasiyofika inchi 4. Baada ya mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001, ruhusa hiyo iliondolewa. Wasafiri wengi hawakuwa na nia mbaya, lakini angani hakuna kazi ya kisu, tena hakuna pa kukimbilia.

KISU CHA SAFARI

Nimefika katika jambo lenyewe. Katika chama chetu cha majadiliano muhula huu hoja ya kisu cha safari iliwekwa mbele ya wanafunzi. Watetezi wake walisema hivi: Basi hufika stendi alfajiri kungali giza, vibaka wapo, mtu mwenye kisu haonewi. Sitawacheka. Hofu yao ni ya kweli, na wako wenzetu waliokwisha kunyang'anywa masanduku na nauli. Lakini hebu tuulize, kisu hicho kitafanya kazi gani?

Kwanza, kisu kilicho chini ya shati hakimtishi mwizi, maana hakioni. Ili kimtishe, lazima ukichomoe. Ukiisha kukichomoa, ugomvi wa sanduku umekwisha kuwa ugomvi wa roho. Mwizi ambaye angekimbia na nguo zako sasa atapigana ili asife.

Pili, mwizi wa stendi mara nyingi hayuko peke yake, naye amezoea mambo hayo. Mwanafunzi hajazoea. Watu wawili wakimshika mkono, kisu ni chao.

Tatu, wako wadhanio kwamba wanaweza kumchoma mtu 'kidogo tu', mathalan pajani, ili kumtia adabu. Hayo ni makosa makubwa, na mwanafunzi wa Biolojia hana udhuru wa kuyasema. Ndani ya paja hupita mshipa mkubwa wa ateri uletao damu mguuni. Ukikatika, mtu aweza kufa kwa kutokwa na damu katika dakika chache, kabla gari halijapatikana. Mwili wa mwanadamu hauna mahali pa kuchoma kidogo tu. Nami naongeza hapa jambo la msaada wa kwanza: ukimkuta mtu aliyechomwa na kisu kingalimo mwilini, usikichomoe, maana huenda ndicho kinachozuia damu. Funga na kukandamiza kando kando yake, kisha mpelekeni hospitali upesi. Kama kisu hakimo, kandamiza jeraha lenyewe kwa nguvu kwa kitambaa safi, wala usiachie.

Nne, askari wakikupekua wakauliza, 'Kisu hiki ni cha nini?' utajibu nini? Huna mnazi, huna samaki, huna harusi. Utasema, 'Ni cha kumchomea mtu atakayenijia.' Jibu hilo ndilo mashtaka yenyewe.

Watetezi walileta na methali, 'Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.' Methali ni nzuri, lakini yatumiwa vibaya. Yataja nyama iliyokwisha kuchinjwa, na mtu aliyejitengeneza mapema kwa kunoa. Ni methali ya bidii, nayo yatufaa sana sisi tunaongoja mtihani wa mwisho. Wengine walisema, 'Mwana akililia wembe, mpe.' Nao niliwajibu kwamba wembe wa methali humkata mwenyewe aliyeulilia, akapata kujifunza. Kisu cha mfukoni humkata mwingine, na yule aliyekatwa hakulilia kitu.

Basi msafiri afanyeje? Yako mambo mengi yasiyohitaji makali. Tusafiri wawili watatu tunaokwenda njia moja. Tukifika kungali giza, tukae ndani ya stendi penye taa na watu hata kupambazuke. Saa moja ya kungoja haiumizi. Tugawe nauli, nyingine mfukoni, nyingine ndani ya soksi. Tuwape wazazi habari ya siku na saa ya kufika. Na ikiwa mambo yametufikia, tuliachilie sanduku. Sanduku hununuliwa dukani.

NENO KWA WAZAZI NA WALIMU

Wazazi wetu wapenzi, najua wako baba na wajomba ambao, kwa mapenzi, humtia kijana kisu mfukoni siku ya safari na kumwambia, 'Mwanaume hatembei mikono mitupu.' Twawashukuru kwa mapenzi hayo. Lakini babu yangu, aliye mkulima milimani na mwenye panga kali kuliko yote kijijini, hakupata kuniruhusu kulichukua panga lile nje ya mpaka wa shamba. Kila mara alinipa kwa kunielekezea mpini, na kila mara nilimrudishia vivyo hivyo. Nilipokuwa mdogo nilidhani anaogopa kupotelewa na mali yake. Sasa naona alikuwa akinifundisha mahali pa panga na adabu yake. Tunaomba mafundisho ya namna hiyo kuliko visu vya mfukoni. Na ikiwezekana, mje kutupokea stendi.

Walimu wetu waheshimiwa, sheria ya shule yakataza mwanafunzi kuwa na kisu bwenini, nami naona ni sheria nzuri. Siku za kazi, Jumamosi asubuhi, mapanga na mafyekeo hutolewa stoo kwa daftari. Kila mmoja huandika jina lake, hufanya kazi, kisha hurudisha, na mwalimu wa zamu huhesabu. Hapo kazi ipo, mahali papo, na mashahidi wapo. Nina ombi dogo juu yake. Wakati wa maembe na wa kuchonga penseli, wanafunzi hutumia nyembe zilizovunjwa vipande, navyo hufichwa magodoroni na kukata vidole vya wasiojua. Kama jikoni pangewekwa visu viwili vitatu vya kumenyea matunda, navyo vikaazimwa kwa daftari kama mapanga, na kila darasa likapewa kichongeo cha penseli, nyembe hizo hazingekuwa na sababu ya kuwapo. Mwenye kupewa njia iliyo wazi hana haja ya kuficha.

Wenzangu, kisu kimetulisha tangu siku za jiwe, na kitaendelea kutulisha. Hakina kosa. Lakini kila mtu akitaka kukichukua ajiulize kwanza: Kazi yake ni ipi? Mahali pake ni hapa? Nani ajuaye kwamba ninacho, na kwa nini? Akikosa jibu la moja katika hayo matatu, akiache nyumbani.

Nawatakia wote likizo njema na safari ya salama.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne